Mishale Iliyokwenda Kushoto

Kwa miezi saba mishale yangu ilikwenda kushoto. Haikuwa yote, wala haikuwa kila siku, na hilo ndilo lililonichelewesha. Asubuhi, mishale sita ya kwanza ilitua pale nilipoitaka. Sita ya pili ikaanza kujitenga. Nikifika mshale wa ishirini na kitu, nilikuwa naichomoa kwenye ukingo wa kushoto wa shabaha, chini kidogo ya katikati, mikia ikiwa imelalia kulia kana kwamba upepo mkali umepita. Upepo haukuwapo.

Upinde wangu ni wa jadi: mbao, mabawa mawili (ile mikono miwili inayojikunja, juu na chini ya kishikio), uzi, basi. Hauna kilengeo wala magurudumu. Uzito wake wa kuvuta ni pauni 45 ukivutwa hadi inchi 28. Mishale yangu ni ya kaboni, yenye manyoya matatu halisi ya ndege, na wakati ule ilikuwa na ncha za chuma za greni 125, yaani gramu nane hivi. Nayataja haya mapema kwa sababu kila tarakimu hapo ina kesi ya kujibu mbele. Navuta kwa mkono wa kulia, kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini yake. Anayevuta kwa kushoto ageuze kila "kulia" na "kushoto" nitakayoandika; na anayevuta kwa kidole gumba, mshale ukilala upande wa pili wa upinde, naye ageuze vivyo hivyo.

Maneno machache kabla sijaendelea, maana tunayatumia kila mtu kivyake. Upote ni uzi wa upinde. Pengo ni ule mpasuo wa mkiani unaoumana na upote. Kikalio ni mahali mshale unapolala juu ya kishikio, na ubavu ni ule ukuta mdogo unaougusa mshale kwa pembeni, ambao wengi huufunika kwa kipande cha ngozi. Mshale kipara ni mshale uliovuliwa manyoya.

Nilichofanya mwanzoni ni kile kinachoandikwa katika kila jedwali la marekebisho. Mvutaji wa kulia akiona mshale unakwenda kushoto na mkia wake unalalia kulia, mshale umekakamaa mno, ulainishe. Nikaulainisha. Niling'oa ncha za greni 125 nikaweka za 175, kwa kuwa ncha nzito huufanya mshale upinde zaidi unaposukumwa. Jioni ile ile mishale ikarudi katikati. Nililala nikiwa na furaha ya mtu aliyefungua fundo kwa mkono mmoja. Asubuhi yake, mishale sita ya kwanza ikaenda kulia, mikia ikichezacheza njia nzima. Basi nikaongeza unene wa ngozi ya ubavuni, kwa sababu kuusogeza mshale nje kidogo ndiyo dawa ya mshale mlegevu. Asubuhi ikatulia. Jioni ikaharibika. Nikawa nafunga mlango huu, mgeni anaingia kwa ule mwingine.

Ili nieleze kosa lilikuwa wapi, lazima kwanza nieleze mshale unavyotoka upindeni, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapokosea kusoma tunachokiona.

Ukiuweka mshale upindeni na kuutazama kwa nyuma bila kuvuta, utaona haukuelekea mbele moja kwa moja. Upo upande wa kushoto wa kishikio, na unaelekea kushoto. Kwa hesabu ya macho, ukiuachia ungepaswa kwenda kushoto siku zote. Lakini haufanyi hivyo. Jambo hili liliwasumbua watu muda mrefu, mpaka wanafizikia wa Marekani Clarence Hickman na Paul Klopsteg walipoligeukia kwa vipimo na kamera za kasi kubwa katika miaka ya 1930 na iliyofuata. Kinachotokea ni kwamba upote unapousukuma mshale kutoka nyuma, na ncha nzito ikikataa kuondoka mbele, mshale hujikunja katikati. Vidole navyo, upote unapoteleza kutoka kwao, huusukuma mkia kando kidogo, na hivyo mkunjo huanza upande ule ule kila mara. Mshale hukunjika kuuelekea upinde, kisha hujikunjua kwenda nje, na mkia unapofika kwenye kishikio, mwili wa mshale umeshajipinda kukikwepa. Unakizunguka kishikio kama nyoka anavyozunguka jiwe. Unaendelea kujipindapinda mita kadhaa mbele, ukipungua, mpaka manyoya yaushike na kuunyoosha.

Kwa hiyo mshale unatakiwa uwe na ukakamavu unaolingana na upinde wake. Ukiwa mkakamavu mno, haukunjiki vya kutosha, kishikio kinausukuma nje, unakwenda kushoto. Ukiwa mlegevu mno, unakunjika kupita kiasi, unakwenda kulia. Kiwandani ukakamavu huo hupimwa mshale ukiwa umelazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, na uzito wa pauni 1.94, karibu gramu 880, ukiwa umening'inizwa katikati. Mshale ulioandikwa 600 umebonyea inchi 0.600, milimita 15 hivi. Ulioandikwa 500 umebonyea kidogo zaidi ya milimita 12, kwa hiyo ni mkakamavu zaidi. Namba kubwa, mshale laini. Wanaoanza huligeuza hili kila siku, na siwalaumu.

Lakini kipimo hicho ni cha mshale uliolala. Mshale unaoruka una ukakamavu wa aina nyingine, unaotokana na urefu wake, uzito wa ncha yake, na nguvu ya upinde wakati ule. Urefishe, unalainika. Ukate, unakakamaa. Ongeza nguvu ya upinde, unajikunja zaidi, ni sawa na kuulainisha. Punguza nguvu, unatenda kama mkakamavu.

Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nalijua kwa mdomo bila kulijua.

Mwenzangu mmoja tunayefanya naye mazoezi alikuja jioni moja, akaniomba nimpe mshale wangu. Akaufunga utepe mwembamba mweupe mahali ambapo, nikiwa nimevuta hadi mwisho, mshale hukutana na mbele ya kishikio. Kisha akasimama ubavuni mwangu na simu yake, akapiga picha za mwendo wa polepole. Hakusema neno. Mshale wa tatu: utepe umefika. Wa kumi: umefika, ukarudi nje kama upana wa kidole kabla sijaachia. Wa ishirini na mbili: utepe haukufika kabisa, na wakati wa kuachia ulikuwa mbele zaidi ya inchi moja na nusu. Nilikuwa nasinyaa. Nilivuta, nikatulia, na kisha, wakati naangalia shabaha, bega langu la kulia likawa linaruhusu upote urudi polepole, na mimi sijui.

Upinde kama wangu hupoteza pauni mbili hadi tatu kwa kila inchi isiyovutwa. Inchi moja na nusu ni karibu pauni nne. Mshale uliopangiwa pauni 45 ulikuwa unasukumwa na 41, kwa hiyo ukatenda kama mkakamavu, ukaenda kushoto. Na kwa kuwa ulisukumwa polepole zaidi, ukatua chini. Kushoto na chini. Ilikuwa imeandikwa kwenye shabaha kwa miezi saba. Na ncha nzito nilizoweka zilikuwa sahihi kabisa kwa mtu aliyechoka. Niliupanga upinde ufanane na uchovu wangu, halafu nikashangaa asubuhi, nikiwa mzima, unanikataa.

Tangu hapo nimekuwa na swali moja ninaloliuliza kabla sijagusa kitu chochote: kosa hili limeanza mshale wa ngapi? Upinde hauchoki. Kosa la kifaa liko pale mshale wa kwanza, liko pale wa thelathini, kwa kiasi kile kile na upande ule ule. Kosa linalokua kadiri saa zinavyokwenda, au linalokuja na kuondoka, ni la mwili mpaka lithibitishwe vingine. Si kanuni kamili. Kuna makosa ya mwili yaliyozoeleka kiasi cha kurudiwa bila kubadilika, na hayo ni magumu kuliko yote, nitayarudia. Lakini ningeliuliza swali hilo wiki ya kwanza, nisingenunua ncha zile.

Kitu cha pili nilichojifunza ni kutenganisha jinsi mshale unavyoruka na mahali unapotua. Mahali ulipotua kunachanganya mambo mawili: ulivyolenga na ulivyoruka. Mshale unaweza kupiga katikati huku umeruka vibaya njia nzima, na mshale mwingine ukaruka safi kama uzi ukakosa kwa sababu hukulenga. Kwa hiyo mwombe mtu asimame nyuma yako, juu kidogo ya bega, atazame mkia peke yake. Simu inayopiga picha 240 kwa sekunde hufaa pia. Mshale unaokwenda mita 50 kwa sekunde husogea kama sentimita 21 kati ya picha na picha, kwa hiyo mita kumi za mwanzo zinakupa picha karibu 48. Zinatosha kuona mengi.

Mkia unaocheza juu na chini, kama pomboo anayeibuka na kuzama, unazungumzia mahali pengo linaposhika upote: juu mno au chini mno. Mkia unaoyumba kulia na kushoto, kama mkia wa samaki mkubwa, unazungumzia ukakamavu, au vidole. Na kuna mchezo wa tatu ambao wengi hawautofautishi na wa pili: mtikisiko mdogo wa haraka haraka, kama wa dagaa kwenye maji ya kina kifupi. Huo mara nyingi si wa ukakamavu. Ni mkia uliogonga kitu wakati wa kutoka. Kugonga huku kuna sauti yake, "ko!" kavu, tofauti na mlio mzito wa chini wa upinde uliotoa mshale vizuri. Funga macho rafiki yako anapopiga, usikilize. Nimewahi kugundua mshale unaogonga kwa sikio kabla ya jicho.

Juu na chini nitaanza nako, maana ndiko rahisi na ndiko kunakotakiwa kutangulia. Weka alama ya pengo kwenye upote, yaani uzi mdogo unaofungwa kuonyesha pengo likae wapi, kama milimita 13 hadi 16 juu ya mstari unaonyooka kutoka kwenye kikalio. Wanaovuta vidole vyote vitatu chini ya mshale huhitaji zaidi. Anza juu, ushuke kidogo kidogo. Sababu ya kuanza juu ni muhimu. Alama ikiwa chini mno, mkia wa mshale hugonga kikalio, unaruka juu, na mshale unaonyesha dalili za alama iliyo juu mno. Ukiamini dalili hiyo utazidi kuishusha, na utazidi kuharibu. Nimekaa na mtu aliyeshusha alama yake mara nne mfululizo kwa kufuata dalili hiyo. Tulipoipandisha juu kuliko alipoanzia, mshale ukatulia.

Kulia na kushoto ndiko kwenye kazi, na hapo chombo changu ni mshale kipara. Manyoya ni mazuri, lakini ni watu wa kusitiri. Manyoya matatu marefu ya inchi tano yatanyoosha karibu kila dhambi ndani ya mita kumi na tano, nawe utadhani unapiga vizuri. Mshale kipara haumsitiri mtu. Navua manyoya ya mishale mitatu iliyo sawa na mingine kwa urefu na ncha, nafunga utepe mahali pa manyoya ili uzito usibadilike sana, kisha napiga mishale sita yenye manyoya na mitatu vipara, kwa umbali wa mita kumi kwanza, baadaye kumi na minane. Nisipige karibu zaidi, maana mita tatu nne za mwanzo mshale bado unajipinda, na pembe utakayouona nayo hapo haina maana yoyote. Nisipige mbali zaidi siku ya kwanza, kwa sababu mshale kipara usiolingana na upinde unaweza kwenda pembeni kabisa au kutua kwa ubavu na kuvunjika. Mishale ya mbao huvunjika upesi zaidi. Ya kaboni, kila ikitua vibaya, ikunje na kuizungusha mikononi ukisikiliza mpasuko kabla ya kuipiga tena. Kaboni iliyopasuka ikipasukia upindeni huingia mkononi.

Vipara vikitua kushoto ya vyenye manyoya, mshale ni mkakamavu. Vikitua kulia, ni mlegevu. Vikitua chini, alama ya pengo iko juu. Vikitua juu, alama iko chini. Natazama mahali vilipotua kuliko pembe vilivyosimama, kwa sababu gunia la shabaha lililochakaa huinamisha mshale litakavyo. Na natazama makundi. Mshale mmoja hausemi lolote.

Sasa, mtego. Mshale ulio mlegevu mno hujikunja kiasi kwamba mkia wake hugonga ubavu wa upinde na kurushwa. Unatua kushoto. Unaonyesha ukakamavu ilhali ni mlegevu, na mtu anayefuata jedwali ataulainisha zaidi, utagonga zaidi, utakwenda kushoto zaidi. Njia ya kuutambua: paka chaki au unga laini kwenye ubavu na kikalio, piga, tazama umepanguswa wapi na mwili wa mshale umechafuka wapi. Au fanya jaribio la kinyume: weka ncha nyepesi kidogo, yaani ukakamaze mshale ambao tayari unaonekana mkakamavu. Ukisogea kurudi katikati, basi ulikuwa unakudanganya. Jaribio hili linachukua dakika kumi na linaokoa miezi.

Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukiandika. Nina daftari. Sina akili ya kukumbuka nilikata milimita ngapi wiki tatu zilizopita, na sijakutana na mwenye nayo. Kukata mshale ni marekebisho yasiyorudi nyuma, kwa hiyo yawe ya mwisho. Ncha na ngozi ya ubavuni hubadilika na kurudi. Kimo cha upote nacho, yaani umbali kutoka ndani ya kishikio hadi upote ukiwa umetulia, hurekebishwa kwa kuusokota upote zaidi au kuufungua. Pinde ndefu zilizonyooka hupenda inchi 6 hadi 7, zile zenye mabawa yaliyopinda ncha kwa mbele hupenda 7 hadi 9. Sokota mara tatu nne, piga, sikiliza. Kuna mahali upinde unatulia, kelele inapungua na mkono hautetemeki. Paandike.

Na tafadhali, andika namba kwenye mishale yako. Nilidhani nina tatizo la kuachia linalonijia bila mpango, mshale mmoja kila raundi unakwenda unakotaka. Nilipoweka namba, ulikuwa wa nne. Kila raundi, wa nne. Pengo lake lilikuwa limekaa upande, kiasi ambacho jicho halikuona mpaka nilipouzungusha juu ya kucha nikaona mkia unayumba. Manyoya yaliyotoka bawa la kulia la ndege yakichanganywa na ya bawa la kushoto kwenye mshale mmoja hufanya uharibifu wa namna hiyo hiyo, na pengo linaloubana upote mno vilevile. Pengo liushike upote kiasi cha kuning'inia, lakini ukiupiga upote kwa kidole mshale uanguke.

Nimesema nitayarudia makosa ya mwili yanayojirudia. Haya ndiyo yaliyo moyoni mwangu zaidi, maana kifaa kinasahihishwa kwa mchana mmoja na mwili unachukua msimu.

Mkono wa kuachia unaojitenga na uso ni mfano. Mtu anapofungua vidole badala ya kuviacha vilegee, mkono huruka pembeni, na upote huburutwa pamoja nao kabla haujaondoka. Mkia unakwenda kulia, ncha kushoto. Dalili ni ile ile ya mshale mkakamavu! Na akifanya hivyo kila mara, mshale wa kwanza hadi wa mwisho, swali langu la "wa ngapi" halimfichui. Kinachomfichua ni mkono wenyewe baada ya mshale kuondoka. Mkono ulioachia vizuri huteleza kurudi nyuma kando ya shingo, wakati mwingine kidole kikigusa sikio, kwa sababu mgongo ulikuwa bado unavuta. Mkono ulioruka huonekana hewani, mbali na shavu, kama wa mtu aliyeshika kitu cha moto. Mshale hutumia kama sehemu moja ya hamsini ya sekunde kutoka kuachiwa hadi kuuacha upote. Hakuna unachoweza kufanya ndani ya muda huo. Lakini mkono unavyokaa baadaye ni ushahidi wa ulivyokuwa kabla.

Mkono wa upinde una yake. Ukikibana kishikio, unakizungusha wakati wa kuachia, na kila mshale hupata msukumo wake. Ukikiegemea kwa kisigino cha kiganja, mshale hupanda; na siku nyingine ukiegemea juu zaidi, hushuka. Mimi hukaza macho kwenye sehemu moja tu: mstari wa mkunjo wa kidole gumba. Shinikizo likae upande wa gumba wa mstari huo, vidole vingine vilale. Kinywa nacho. Nanga ni mahali pa uso ambapo mkono wa kuvuta hutulia kila mara. Mtu anayetia nanga kidole cha shahada kwenye kona ya mdomo, kisha akafungua meno bila kujua, ameshusha nanga yake milimita kadhaa, na mshale unapanda. Nimeona mtu akihangaika na alama ya pengo juma zima kwa sababu ya taya.

Kuna kiwewe cha shabaha, ambacho sitakieleza kirefu hapa kwa sababu kinahitaji makala yake. Niseme hivi tu: anayeachia ncha ikigusa katikati, bila yeye kuamua, hawezi kuusoma mshale wake hata kidogo. Nanga yake haifiki. Jaribio lolote la mshale kipara atakalofanya litapima hofu yake.

Ndiyo maana sasa kila nikipanga upinde naanza mita tatu kutoka kwenye gunia lisilo na shabaha, macho yamefumbwa, mishale kumi na miwili. Huko sitafuti pembe ya mshale. Natafuta kama bado ninavuta wakati ninaachia. Fupa la bega la kulia linasogea kuelekea uti wa mgongo, taratibu, na linaendelea kusogea upote ukiwa umeshaondoka. Likisimama, nimesinyaa. Macho yakiwa wazi silisikii. Yakifumbwa linasikika kama mlango. Baadaye ndipo narudi mita kumi na minane, na kabla ya kuinua macho kuona mshale ulipotua, natamka kwa sauti: safi, au nimesinyaa, au nimebana. Ikiwa nimesema safi na mshale kipara uko kushoto, hapo nina haki ya kukishuku kifaa. Nikisema nimesinyaa, mshale huo hauhesabiwi, hata ukiwa katikati. Hasa ukiwa katikati.

Kwa upande wangu, dawa ilikuwa upinde mwepesi. Pauni 35, miezi mitatu, na ule wa 45 ukining'inia ukutani. Watu wengi wanaoshindwa kuusoma mshale wao wanavuta upinde mzito kuliko mgongo wao, na nasema hivi nikijua inavyochoma kuambiwa. Mimi niliambiwa mwezi wa pili na nikasubiri wa saba. Niliporudi kwenye 45 nilirudisha ncha za greni 125 na kubandua ngozi yote niliyoongeza, mpaka tabaka ile moja ya mwanzo.

Jumamosi iliyopita nilipiga raundi tano kwa mita kumi na minane, jumla mishale thelathini, vipara vitatu katika kila raundi. Daftari linaonyesha vipara kumi na viwili ndani ya kundi la vyenye manyoya, viwili kushoto, kimoja chini. Viwili vya kushoto vyote viko raundi ya tano, na mbele ya vyote viwili, kabla sijainua macho, nilikuwa nimeshaandika: nimesinyaa. Kile cha chini niliandika safi. Alama ya pengo imeteleza juu, nadhani, uzi wake umelegea. Kesho nitaifunga upya.